Mtandao wa Nyumbani Unapogoma: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mtandao wa nyumbani ni mnyororo wa sehemu chache. Huduma ya intaneti huingia kupitia modemu, ikapita kwenye ruta, na kutoka hapo ikagawiwa kwa waya au kwa Wi-Fi hadi kwenye kompyuta, simu na printa. Kwa kuwa sehemu hizi zimeshikana, hitilafu ya pete moja huonekana kwenye pete nyingine, na hapo ndipo watu wengi hupoteza muda: printa ikigoma wanaisakinisha upya mara tatu, kumbe kilichobadilika ni anwani, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, ambayo ruta iliigawa usiku baada ya umeme kukatika. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine na kuonyesha namna ya kufikia chanzo chake. Sharti ninalolisisitiza ni moja: usibadilishe mpangilio wowote kabla hujajua ni pete ipi iliyokatika, na unapobadilisha, badilisha kitu kimoja, pima, kisha ndipo ugeukie kingine. Anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo anaweza kupata nafuu bila kujua ni kipi kilichomponya, na tatizo likirudi anaanza upya.

Kupima mnyororo

Jiulize kwanza kama tatizo lipo kwenye vifaa vyote au kwenye kimoja tu. Ikiwa simu inafungua kurasa vizuri na kompyuta iliyo pembeni yake haifungui, mara nyingi ruta na mtoa huduma hawana kosa, na hakuna sababu ya kuzima ruta na kuwakatisha wengine. Ikiwa vyote vimekwama, angalia kama vilivyounganishwa kwa waya navyo vimekwama, kwa sababu Wi-Fi inaweza kuwa na kasoro ilhali ruta yenyewe ni nzima.

Baada ya hapo fungua dirisha la amri. Kwenye Windows andika ipconfig, na kwenye Linux andika ip addr. Tafuta namba mbili: anwani ya kompyuta yako, ambayo nyumbani mara nyingi huanza na 192.168 au na 10, na anwani ya lango, ambayo ndiyo ruta. Kwenye Linux, lango huonekana kwa amri ya ip route. Tuseme kompyuta yako ni 192.168.1.23 na lango ni 192.168.1.1. Sasa pima kwa amri tatu, kwa mpangilio huu:

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping wikipedia.org

Amri ya kwanza inauliza kama unaifikia ruta. Ya pili inauliza kama ruta inaifikia dunia ya nje, kwa kutumia namba tupu bila jina. Ya tatu inauliza kama majina yanageuzwa kuwa namba. Majibu ya amri hizi yanakuelekeza moja kwa moja. Ruta isipojibu, tatizo limo ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta, nalo ni la waya, Wi-Fi au anwani. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma. Namba ikijibu na jina likakataa, basi intaneti ipo na kilichokufa ni huduma ya majina. Zoezi hili halichukui dakika mbili, na mimi siliruki kamwe, hata pale ninapodhani nimeshajua jibu.

Anwani inaanza na 169.254

Ukiona namba ya aina hii kwenye Windows au macOS, usihangaike na kivinjari. Kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na yeyote, ikajipa yenyewe anwani ya dharura ambayo haiwezi kwenda nje. Swali ni kwa nini haikujibiwa.

Anza na waya. Chomoa kichwa cha waya, ukitazame kwa karibu: kile kilimi cha plastiki kinachotoa mlio wa "tik" kikiingia kwenye tundu kikiwa kimevunjika, waya hukaa kwenye tundu bila kukaza, na kila mtu anayeisogeza meza anaukata mtandao pasipo kujua. Taa iliyo kando ya tundu, kwenye kompyuta au kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao), iwake. Isipowaka, jaribu tundu jingine, halafu waya mwingine. Ikiwa waya ni mzima, ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kuandika anwani ya lango kwenye kivinjari, na uhakikishe kwamba huduma ya kugawa anwani, inayoitwa DHCP, imewashwa, na kwamba fungu la anwani halijaisha. Ruta iliyopangwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.119 ina anwani 20 tu. Nyumba yenye simu, televisheni, kamera na wageni wa mwisho wa wiki huzimaliza upesi, na kifaa cha ishirini na moja kinabaki mikono mitupu. Panua fungu hilo, kisha kwenye kompyuta andika ipconfig /release ikifuatiwa na ipconfig /renew.

Leo intaneti ipo, kesho haipo, na ruta haijaguswa

Dalili hii inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huwachosha hata wenye uzoefu. Niliwahi kupoteza jioni nzima nyumbani kwangu nikiitafuta. Kompyuta moja ilikuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi, ikizimwa na kuwashwa jioni inakosa intaneti, huku simu zikiendelea kama kawaida. Siku iliyofuata ikawa kinyume chake. Nilibadilisha draiva (programu inayokiendesha kifaa) ya kadi ya mtandao, nikabadilisha waya, bila mafanikio. Jibu lilikuwa kwenye ipconfig tangu mwanzo: siku nzuri lango lilikuwa 192.168.1.1, siku mbaya lilikuwa 192.168.0.1. Ndani ya nyumba kulikuwa na lango la pili.

Lango hilo lilikuwa ruta ya zamani niliyoiweka chumba cha mbali ili Wi-Fi ifike huko. Nilikuwa nimeiunganisha na ruta kuu kupitia matundu ya kawaida, lakini sikuzima DHCP yake. Kwa hiyo kila kifaa kilichoomba anwani kilijibiwa na yeyote aliyewahi: kikijibiwa na ruta kuu kinapata intaneti, kikijibiwa na ile ya zamani kinaelekezwa kwenye lango lisilo na njia ya kutoka. Printa nayo ilikuwa imepewa 192.168.0.105, na ndiyo maana kompyuta zenye anwani za 192.168.1 hazikuweza kuiona.

Tiba ni kuipa ruta ya pili anwani iliyo katika familia moja na ruta kuu lakini nje ya fungu linalogawiwa, kwa mfano 192.168.1.2, kuzima DHCP yake kabisa, kisha kuunganisha waya kwenye tundu la kawaida na siyo lile la rangi tofauti lililotengwa kwa ajili ya intaneti. Ukiutumia mlango huo wa intaneti, unatengeneza kitu kingine: mtandao mdogo ndani ya mtandao. Intaneti itapatikana pande zote, lakini vifaa vya nje havitaweza kukifikia kilichojificha nyuma ya ruta ya pili. Kompyuta iliyo ndani inaweza kuichapishia printa ya nje ikiwa utaandika anwani yake kwa mkono, ila haitaiona kwenye orodha. Kompyuta iliyo nje haitaifikia printa ya ndani hata kwa anwani. Na endapo ruta zote mbili zinatumia familia moja ya 192.168.1, ya pili haitajua ielekeze wapi, na vifaa vyake vitakosa hata intaneti. Ruta nyingi za sasa zina mpangilio wa kuigeuza ruta kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Ukiupata, utumie, kwani unafanya haya yote kwa mkupuo mmoja.

Namba inajibu, jina halijibu

Hapa huduma ya majina, DNS, ndiyo iliyokwama. Andika nslookup wikipedia.org 1.1.1.1, ambayo ni kuuliza jina lile lile kwa mtoa majina mwingine. Ukijibiwa, weka kwenye ruta anwani za watoa majina wa umma, kama 1.1.1.1 ya Cloudflare, 8.8.8.8 ya Google au 9.9.9.9 ya Quad9. Ziweke kwenye ruta, siyo kwenye kompyuta moja moja, ili mwakani usikute kompyuta moja ina mpangilio ambao hakuna anayekumbuka ulitoka wapi. Ikiwa majina yanafunguka lakini kivinjari kinalalamika kuhusu cheti cha usalama kwenye kila tovuti, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na kila cheti huonekana si halali.

Intaneti ipo, lakini inatambaa

Pima kasi ukiwa umeunganishwa kwa waya kabla ya kuilaumu Wi-Fi au mtoa huduma. Kuna namba moja inayojieleza yenyewe: ukiwa umelipia kasi kubwa na kila kipimo cha waya kinagota kwenye megabiti 94 hivi kwa sekunde, tatizo karibu kila mara ni waya au tundu. Kasi ya gigabiti 1 inahitaji nyuzi zote nane zilizomo ndani ya waya. Uzi mmoja ukikatika, mara nyingi vifaa viwili hukubaliana kushuka hadi megabiti 100, ambazo zinahitaji nyuzi nne tu, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Badilisha waya kwa ule ulioandikwa Cat5e au Cat6 ubavuni, upime tena. Swichi ya kizamani iliyo katikati ya njia huleta matokeo hayo hayo.

Kwa upande wa Wi-Fi, bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina msongamano, kwani tanuri za maikrowevu, vifaa vya Bluetooth na ruta za majirani hugombania masafa hayo. Bendi ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi na huchoka mapema ikikutana na kuta. Kwenye 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani; anayechagua ya 3 akidhani amewakwepa majirani wa 1 na 6 anajiweka katikati ya kelele zao wote wawili. Ruta iwekwe juu na mahali pa wazi, mbali na kabati la chuma na nyuma ya televisheni. Kifaa cha kurefusha mawimbi kinachopokea na kurusha kwa redio moja hupunguza kasi karibu nusu, hivyo palipo na uwezekano wa kupitisha waya, pitisha waya.

Kasi ikidorora saa fulani tu, tafuta anayepakia. Simu inayohifadhi video zake mtandaoni hujaza njia ya kupandisha data, na njia hiyo ikijaa, hata kurasa nyepesi za wengine huchelewa, kwa sababu maombi yao hayapati nafasi ya kutoka.

Taa zote zinapepesa kwa kasi na kila kitu kimekufa

Hii hutokea ghafla, mara nyingi baada ya kusafisha meza. Mtu amekuta waya unaning'inia, akauchomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili imo tayari kwenye swichi ile ile. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote huzunguka kwenye duara hilo bila kikomo hadi swichi ishindwe kufanya lolote jingine. Ishara yake ni taa zote kupepesa kwa pamoja, kwa kasi isiyo ya kawaida, hata kompyuta zikiwa zimezimwa. Chomoa nyaya moja moja. Ukiugusa wenye kosa, taa hutulia papo hapo.

Printa

Printa huingia kwenye mtandao kwa njia mbili. Ama ina Wi-Fi au tundu la mtandao na inapewa anwani yake yenyewe, au imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ambayo nayo inawagawia wengine. Njia ya kwanza ni bora, nami nasema hivyo bila kusita: njia ya pili inakulazimu kuiacha kompyuta moja macho muda wote, na ina matatizo zaidi.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba kompyuta inasema printa haipo mtandaoni ilhali imewaka na skrini yake haina kosa. Usiisakinishe upya. Nenda kwenye printa, kwenye menyu ya mtandao, uchapishe ukurasa wa mipangilio yake; humo utakuta anwani ya IP iliyo nayo sasa hivi. Rudi kwenye kompyuta, fungua sifa za printa, na uitazame anwani iliyoandikwa kwenye poti, yaani mlango ambao kompyuta huutumia kuifikia printa. Mara nyingi utakuta printa ni 192.168.1.37 na kompyuta bado inapiga hodi 192.168.1.31. Ruta ilizimika, vifaa vikaomba anwani upya kwa mpangilio mwingine, na printa ikapewa namba nyingine.

Kurekebisha poti kutakusaidia hadi umeme utakapokatika tena. Tiba ya kudumu ni kuitengea printa anwani kwenye ruta, kwa kutumia anwani yake ya MAC (namba ya kifaa inayotoka kiwandani) iliyoandikwa kwenye ukurasa ule ule uliouchapisha, ili kila iombapo ipewe namba ile ile. Wapo wanaoandika anwani kwa mkono ndani ya printa wakichagua namba iliyo ndani ya fungu la ruta. Baada ya wiki mbili ruta inaigawa namba hiyo kwa simu ya mgeni, na vifaa viwili vinagongana. Baada ya kutenga anwani, ongeza printa kwenye Windows kwa poti ya TCP/IP yenye namba hiyo badala ya poti ya WSD (ya kujitambulisha kwa vifaa bila namba maalumu) ambayo Windows hupenda kuichagua yenyewe na ambayo hupoteza mawasiliano mara kwa mara. Na ikiwa printa inajibu ping, inachapisha ukurasa wa majaribio, lakini bado inaonyeshwa kuwa haipo, fungua mipangilio ya poti hiyo ya TCP/IP na uondoe alama kwenye hali ya SNMP: Windows inaiuliza printa hali yake kwa njia hiyo, na isipojibiwa huitangaza kuwa haipo.

Printa isipoonekana kabisa kwenye orodha, hakikisha kwanza iko kwenye mtandao ule ule. Printa nyingi za nyumbani hutambua gigahezi 2.4 pekee na hazikubali ruta iliyowekwa kwenye ulinzi wa WPA3 tu; iweke ruta kwenye WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Mtandao wa wageni haufai kwa printa, kwa kuwa umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Mpangilio wa kutenganisha vifaa vya Wi-Fi unaweza kuwashwa hata kwenye mtandao wa kawaida, na hapo simu itapata intaneti vizuri lakini haitaiona printa iliyo hatua mbili kutoka ilipo. Kompyuta iliyowashwa VPN ya kazini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) nayo mara nyingi huikosa printa, maana data zake zote zinapelekwa kwenye handaki la VPN. Ikate, chapisha, kisha uiwashe.

Kwa printa ya USB inayogawiwa na kompyuta, kagua mambo matatu kwa mfuatano. Kompyuta mwenyeji isiwe imelala. Mtandao wake uwe umetambuliwa kama wa faragha, kwani ukitambuliwa kama wa umma fayawoli (ukuta wa ulinzi wa kompyuta) huzuia wengine kuingia. Ushirikishaji wa faili na printa uwe umewashwa. Ikiwa mambo hayo ni sawa na kompyuta ya pili inatoa kosa la 0x0000011b, chanzo ni masasisho ya usalama ya Windows ya Septemba 2021, yaliyokaza masharti ya mawasiliano kati ya kompyuta na printa zinazogawiwa. Sasisha kompyuta zote mbili kabla ya lolote jingine. Zipo nasaha nyingi za kuzima ulinzi huo kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows); sizikubali, kwa sababu unaufungua mlango uliofungwa kwa sababu ya hatari halisi.

Kazi moja ikikwama kwenye foleni na kukataa kufutwa, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, futa faili zilizomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS bila kulifuta folda lenyewe, halafu andika net start spooler. Na printa ikitoa kurasa nyingi zenye alama zisizosomeka, draiva si yake. Weka ile iliyoandikiwa modeli hiyo hasa.

Pale ambapo tatizo si lako

Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, zima modemu na ruta, washa modemu kwanza, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Likiendelea, unganisha kompyuta moja kwa waya kwenye modemu yenyewe na upime tena. Ikishindikana hata hapo, mpigie mtoa huduma ukiwa na saa tatizo lilipoanza, rangi za taa za modemu, na matokeo ya ping zako tatu, kwa kuwa taarifa hizo zinamwezesha fundi kuruka maswali ya awali. Atakapokushauri ubonyeze kitufe kidogo cha ndani ya kitobo cha ruta kwa sindano, fahamu kwamba kitafuta kila kitu: jina la Wi-Fi, nenosiri, anwani ulizozitenga, na pia jina na nenosiri la kuingilia huduma ikiwa muunganisho wako ni wa PPPoE. Ingia kwanza kwenye ukurasa wa ruta, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, na uandike jina na nenosiri hilo kwenye karatasi kabla sindano haijagusa kitobo.